Filta Isiyolalamika

Dereva aliyetoka kubadilishiwa filta ya dizeli ana kipimo kimoja tu cha kujua kama amepata kitu cha maana: namna gari linavyovuta. Likipanda mlima bila kusuasua, filta ni nzuri na fundi anaijua kazi yake. Likiwa zito, vyote viwili vinatiliwa shaka. Kipimo hicho kina kasoro, na kasoro yenyewe ni kwamba kinapima kinyume. Karatasi yenye matundu makubwa hupitisha mafuta kwa urahisi kuliko karatasi yenye matundu madogo, kwa hiyo filta hafifu hulifanya gari livute vizuri tangu siku ya kwanza, na litaendelea hivyo kwa maelfu ya kilomita kwa sababu karatasi hiyo haishiki uchafu wa kutosha kuziba. Inayoziba ni filta nzuri. Hiyo ndiyo inayolinyima gari nguvu katikati ya mlima wa Kitonga baada ya kujaza mafuta machafu njiani, ndiyo inayowasha taa kwenye dashibodi, ndiyo inayomrudisha mwenye gari gereji akiwa amekunja uso. Ile hafifu hunyamaza. Bili ya ukimya wake hufika baada ya miezi mingi kupitia kifaa kingine kabisa, pampu au nozeli, wakati hakuna anayekumbuka tena filta ilinunuliwa duka gani.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ilikuwa kwamba pale muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi hajui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya kitu kizuri, wenye vitu vizuri hujitoa sokoni, na vibovu hubaki vikitamba. Filta ya dizeli iko pabaya zaidi ya gari la Akerlof. Aliyenunua gari bovu atajua ndani ya wiki kadhaa, na mtaa mzima utajua naye. Aliyenunua filta mbovu huenda asijue kamwe. Nozeli zikifa atalaumu sheli, barabara, umri wa gari, hata mkosi. Tena mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui, maana naye alinunua boksi lililofungwa kwa mtu aliyenunua boksi lililofungwa. Kwa hiyo anayetafuta filta anatafuta ushahidi wa kitu kisichoonekana kwa macho, kisichopimika kwa mkono, na kinachodanganya kinapojaribiwa barabarani. Ushahidi huo upo, lakini hauko pale tulipozoea kuutazama.

Pingamizi la kwanza linajulikana, na lina uzito wake. Kuna Land Cruiser mkonga zenye injini ya 1HZ ambazo zimezunguka mbuga na migodi kwa miaka 20 na zaidi zikifungwa filta yoyote iliyopatikana kwenye duka la karibu, na hazikufa. Ni kweli, na sababu yake iko ndani ya injini yenyewe. Nozeli ya 1HZ hufunguka kwa mgandamizo wa takriban mara 150 ya hewa inayotuzunguka, na mafuta huingia kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla ya kuwaka. Chembe ya mchanga ikipita humo hukwaruza kidogo, injini hutoa moshi kidogo, na maisha yanaendelea. Mambo yalibadilika ulipokuja mfumo ambao mafundi wetu huuita komoni reli. Denso waliufunga kwenye malori ya Hino mwaka 1995, na mwaka 1997 ukaingia kwenye gari dogo, Alfa Romeo 156. Katika mfumo huo pampu husukuma mafuta kwenye bomba moja nene linalolisha nozeli zote, na kompyuta ndiyo huamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Kwenye injini za 1KD na 2KD zilizojaa katika Hilux, Prado na Hiace za Afrika Mashariki, mgandamizo ndani ya bomba hilo hupita mara 1,300 ya hewa, na matoleo ya baadaye hufika juu zaidi. Injini mpya za watengenezaji wengine zimevuka 2,000.

Kwa mgandamizo huo, chembe inayobebwa na mafuta haikwaruzi tu, inakata. Sehemu zinazoteleza ndani ya nozeli ya kisasa zimeachiana nafasi ya mikroni 1 hadi 3, na unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Uchafu unaoua nozeli, basi, si ule unaouona ukitikisa dumu. Ni vumbi ambalo macho hayawezi kulitenga na mafuta safi, na ndiyo maana mtu anaweza kujaza dizeli kwenye chupa, akaiinua juani, akaridhika kwamba ni safi, na bado akawa amekosea. Filta ya mfumo huu hutakiwa kushika chembe za mikroni 4 au 5, nyingine ndogo zaidi. Filta iliyotosha kwa mkonga, hata ikiwa mpya na halali, huziachia chembe hizo zipite. Kwa hiyo ushuhuda wa magari ya zamani ni wa kweli kwa magari ya zamani. Kuuleta kwenye injini ya komoni reli ni kumwita shahidi wa kesi nyingine.

Pingamizi la pili husema kwamba tatizo ni mafuta, na filta inabebeshwa lawama isiyo yake. Hapa lazima kukubali nusu. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi cha kuzisukuma serikali kuchukua hatua: Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya, na Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Filta haiwezi kutenganisha mafuta ya taa na dizeli. Hata ile ghali kabisa itayapitisha yote pamoja, na kwa kuwa mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vizuri, pampu itasagika huku filta ikiwa haina kosa. Kuna jambo la pili lisilozungumzwa sana. Mwaka 2015 nchi zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kwa mapafu yetu ni heri tupu, lakini usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia baadhi ya kemikali zilizokuwa zikilainisha pampu, na kiwandani lazima kiongezwe kilainishi badala yake. Dizeli ndiyo oili ya pampu yake yenyewe, hakuna nyingine humo. Mafuta yakishapungukiwa ulaini, kila chembe inayopita huleta madhara makubwa kuliko ambayo ingeleta zamani.

Lakini nusu ya pili ya pingamizi haisimami. Vitu viwili vinavyoharibu zaidi mfumo wa mafuta katika nchi zenye vumbi, mvua nyingi na matangi ya chini ya ardhi ni chembe na maji, na vyote viwili filta imetengenezwa ivizuie. Maji huingia kwa njia nyingi: tangi la kituo linavuja wakati wa masika, au tenki la gari linalazwa nusu tupu na hewa yenye unyevu inatoa jasho kwenye kuta zake usiku. Kwenye mpaka wa maji na dizeli huota vijidudu vinavyoacha utelezi mweusi. Maji yakifika kwenye nozeli hayalainishi chochote, hutia kutu vyuma vilivyong'arishwa, na katika joto la ncha ya nozeli yanaweza kugeuka mvuke ghafla na kumega chuma. Karatasi ya filta nzuri hutiwa dawa ili matone ya maji yakusanyike na kuanguka chini kwenye kikombe, ambako kuna sensa na kijikoki cha kuyamwaga. Karatasi hafifu huloa, ikayapitisha pamoja na dizeli. Na kwa kuwa maji hayafiki kwenye kikombe, taa ya dashibodi haiwaki. Mwenye gari anahesabu kwamba siku hizi sheli yake ina mafuta mazuri.

Tukubaliane basi kwamba filta ina kazi, na kwamba kazi hiyo haipimwi kwa mvuto wa gari. Utaitambuaje dukani? Desturi ya masoko ya vipuri ya Gerezani, ya Kirinyaga Road na ya Kisekka ni kwenda na filta ya zamani mkononi, kuiweka juu ya kaunta na kusema nataka kama hii. Muuzaji huigeuza, hulinganisha urefu, huijaribu nyuzi, kisha hutoa inayofanana. Ubaya wa desturi hii ni kwamba umbo ndilo jambo rahisi kabisa kunakili. Filta mbili zinaweza kuwa na nyuzi zilezile, kipenyo kilekile na mpira uleule, moja ikiwa ya injini ya pampu ya zamani na nyingine ya komoni reli. Zaidi ya hapo, ile ya zamani inayopelekwa kama mfano huenda ndiyo iliyokuwa kosa. Mtu aliyenunua gari lililokwisha kupita kwa wamiliki watatu hana sababu ya kuamini kwamba filta iliyomo ni ya gari hilo.

Njia iliyo salama huanza kwenye namba ya chesisi. Kwa namba hiyo, katalogi ya mtengenezaji hutoa namba ya kipuri, na namba ya kipuri inazungumza. Kwa Toyota, alama tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa na tano zinazofuata hutaja ni ya toleo gani: 23390-0L041 ni filta ya Hilux za 1KD na 2KD, na 23303-64010 ni ile ya kopo inayofungwa kwenye injini za kizazi cha nyuma. Namba hizo zikishaandikwa kwenye karatasi, mazungumzo dukani hubadilika. Muuzaji haulizwi tena kama kitu chake ni kizuri, swali ambalo hana jibu lake isipokuwa ndiyo, bali kama anacho hiki. Namba ya kipuri huweza kubadilishwa na kiwanda, ya zamani ikarithiwa na mpya, na mwenye duka makini atakuonyesha kwenye katalogi kwamba hii imechukua nafasi ya ile. Asiyeweza kukuonyesha, mshukuru uende.

Hapa husikika pingamizi la tatu, pengine lenye akili kuliko yote: kwamba jenyuini na kopi hutoka kiwanda kimoja, na tofauti ni boksi. Wanaosema hivyo wameshika kitu cha kweli. Watengenezaji wa magari kwa kawaida hawatengenezi filta. Hununua kwa kampuni kama Denso, Bosch, Mann na Mahle, na kampuni hizo huuza pia kwa majina yao wenyewe, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko boksi lenye nembo ya gari. Hitimisho halali la ukweli huo ni kwamba si lazima ununue boksi la Toyota. Filta ya kampuni inayojulikana, iliyoorodheshwa kwa namba ya gari lako, inatosha. Hitimisho batili, ambalo ndilo hutolewa kaunta, ni kwamba boksi lolote linatosha. Na tahadhari nyingine ni hii: sheria zetu za bidhaa bandia hupambana na jina la kughushi. Kenya ina sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008, na nchini Tanzania Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza. Lakini filta hafifu inayouzwa kwa jina lake lenyewe, bila kuiga nembo ya mtu, si bandia. Ni duni tu, na ofisa wa bidhaa bandia hana la kuikamatia. Mlango huo wa duni ni mpana kuliko ule wa feki, na mnunuzi anayechunguza hologramu pekee amelinda mlango mwembamba.

Maandishi ya mikroni kwenye boksi nayo yasomwe kwa uangalifu. Filta inayodai mikroni 5 bila kusema inashika asilimia ngapi ya chembe za ukubwa huo haijadai kitu. Nusu ya chembe ikipita, mdai bado anaweza kutetea maandishi yake. Kipo kipimo cha kimataifa, ISO 19438, ambacho huhesabu chembe zilizoingia na zilizotoka, na kampuni makini hutaja ukubwa pamoja na asilimia. Pale ambapo boksi lina nyota, bendera na neno “High Quality” lakini halina kipimo, jibu limeshatolewa.

Kuhusu bei sina mengi. Filta halali inaweza kugharimu mara tatu au nne ya ile ya kaunta, na kwa dereva wa daladala anayepeleka hesabu kila jioni hiyo ni pesa. Lakini nozeli moja mpya ya komoni reli hununua filta nyingi sana, gari lina nozeli nne au zaidi, na mara nyingi uchafu ulioua moja umeshazigusa zote. Kinachonisumbua zaidi ni ile njia ya katikati ambayo huonekana kama busara: kuipuliza filta ya zamani kwa kompresa na kuirudisha. Upepo wa kompresa hupasua nyuzi za karatasi mahali ambapo hakuna atakayepaona. Filta iliyopulizwa hupitisha mafuta vizuri ajabu, na gari huwa jepesi, na fundi hupata sifa.

Filta ikishapatikana, kuna hatua ambayo inaweza kuifuta gharama yote kwa nusu dakika. Ukiitazama filta ya kopo kwa chini utaona duara la vitundu vidogo pembeni na tundu moja kubwa lenye nyuzi katikati. Mafuta machafu huingia kwa vitundu vya pembeni, hupita kwenye karatasi, na hutoka yakiwa safi kwa tundu la katikati kuelekea kwenye pampu. Fundi anayetaka gari liwake haraka hujaza filta mpya dizeli kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, na kwa kuwa tundu la katikati ndilo kubwa, humimina humo. Dizeli hiyo sasa iko upande wa pili wa karatasi. Haitachujwa na chochote, itakwenda moja kwa moja kwenye pampu, pamoja na vumbi la chupa, nyuzi za tambara na lolote lililokuwa kwenye faneli. Kwenye injini ya zamani hilo lilikuwa jambo dogo. Kwenye komoni reli ni kuupa uchafu njia ya mkato katika dakika ileile ambayo umelipa ili kuuzuia. Filta ifungwe kavu, na mafuta yavutwe kutoka kwenye tenki kwa pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya kichwa cha filta. Huchukua mibonyezo mingi, mkono huchoka, na pampu ikianza kuwa ngumu ndipo upepo umetoka.

Kabla ya kufungua chochote, kichwa cha filta na maeneo yake yasafishwe kwa brashi na tambara lisilotoa nyuzi, kwa sababu udongo uliokauka juu yake utaanguka ndani mara tu filta itakapoachia. Oringi ya zamani itafutwe mpaka ionekane. Ikibaki imeganda kwenye kichwa, na mpya ikawekwa juu yake, hakutakuwa na kukaza kutakakosaidia. Oringi mpya ipakwe dizeli safi, filta izungushwe kwa mkono mpaka iguse, kisha ikazwe kadiri kitabu kinavyosema, kwa kawaida robo tatu ya mzunguko. Spana ya mnyororo ni ya kufungulia. Sensa ya maji ikihamishwa kutoka filta ya zamani kwenda mpya, oringi yake nayo ibadilishwe. Kwenye Toyota nyingi filta iko upande ambao pampu inavuta, na hapo ndipo wengi hupotea: sehemu iliyolegea haitoi mafuta nje, inavuta hewa ndani. Sakafu ni kavu, hakuna harufu, lakini asubuhi gari huwaka kwa shida, na baada ya kulala siku mbili huhitaji kupampiwa. Watu hubadili betri na plagi za joto kwa tatizo la oringi. Kipande cha mpira angavu kikiwekwa kwa muda kati ya filta na pampu huonyesha viputo, na ubishi huisha.

Desturi nyingine ya mkonga isiyofaa kuhamishwa ni kulegeza nati za mabomba ya nozeli ili kutoa upepo huku injini ikizungushwa. Kwenye komoni reli mafuta yanayotoka hapo yana nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano linaweza kugharimu kidole au mkono. Mtu aliyechomwa namna hiyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama hasikii maumivu, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa mgandamizo.

Unabaki ushahidi ule nilioahidi, unaoweza kumtoa mnunuzi gizani, nao ni wa bure. Filta iliyotolewa isitupwe. Mwaga kilichomo kwenye chupa angavu na uiache itulie saa moja: maji yatakaa chini, dizeli juu, na utelezi mweusi katikati kama upo. Kisha kata kopo kwa msumeno, uikunjue karatasi yote na uitazame juani. Kama imetembea kilomita 15,000 za vumbi na bado mikunjo ya upande wa kuingilia ni myeupe, si kwamba mafuta yalikuwa safi hivyo. Angalia pia mwisho wa karatasi ulipogandishwa: gundi iliyoachia, au mikunjo iliyosongamana upande mmoja na kuacha pengo upande mwingine, inaonyesha njia ambayo mafuta yalipita bila kuchujwa. Kutu nyekundu inaelekeza kwenye tenki, chembe za chuma zinazong'aa kwenye pampu inayojirudishia mafuta yake, uteute mweusi kwenye maji yaliyokaa muda mrefu. Andika kwa kalamu ya wino mzito, juu ya filta mpya, tarehe, kilomita na jina la duka, ili itakapokatwa nayo ijulikane ni ya nani.